Okinawa si ziara ya kukusanya kata

Wanakarate wengi wakishafunga mkanda mweusi huanza kuiota Japani, na wakisema Japani mara nyingi huwa na maana ya Okinawa, kisiwa cha kusini ambako karate ilianzia. Mimi ni mtu wa Goju-ryu, mtindo uliozaliwa Naha, mji mkuu wa Okinawa, kwa hiyo siwezi kumkatisha mtu tamaa ya kwenda huko. Ninachomuuliza kwanza ni mtindo wake umetoka wapi hasa. Funakoshi Gichin, muasisi wa Shotokan, alizaliwa Shuri, huko huko Okinawa, mwaka 1868, lakini mwaka 1922 alihamia Tokyo, na Shotokan tunayoijua leo, yenye misimamo mirefu ya kushuka chini, ilikomaa huko bara, tena sana kwenye vilabu vya vyuo vikuu. Wado-ryu ya Otsuka Hironori na Kyokushin ya Oyama Masutatsu nazo ni mitindo ya Tokyo. Hata Mabuni Kenwa wa Shito-ryu, mzaliwa wa Shuri, aliishia kufundisha Osaka.

Mtu wa Shotokan akienda Naha atapokewa vizuri. Ataambiwa ainue msimamo, afupishe hatua, alegeze mabega, na kata, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, anayoipiga tangu utotoni ataiona ikipigwa kwa namna nyingine kabisa. Akilijua hilo mapema, safari itamfaa sana. Asipolijua atarudi akidai kwamba walimu wa Okinawa wanakosea, na madai hayo nimeyasikia kwa masikio yangu. Kwa watu wa Goju-ryu, Uechi-ryu na Shorin-ryu jambo ni jepesi zaidi: walimu, dojo (kumbi za mazoezi) na makaburi ya waasisi wao vyote viko kisiwani.

Jambo la pili linalowashangaza wageni ni udogo wa mambo. Watu hutarajia uwanja mkubwa, mamia ya wanafunzi, na mazoezi ya kuanzia alfajiri hadi usiku. Dojo nyingi za Okinawa ni chumba cha chini cha nyumba ya mwalimu, na familia inaishi juu. Wanafunzi ni wafanyakazi wa ofisini, mafundi, walimu wa shule, wastaafu. Wanafika jioni baada ya kazi, wanafanya mazoezi kwa muda wa saa mbili hivi, wanafagia, wanakwenda zao. Siku nyingine utajikuta uko na sensei, yaani mwalimu, na wazee watatu tu.

Hali hii ina historia. Mwaka 1945 vita viliiteketeza Okinawa. Shinzato Jin'an, mwanafunzi mkuu wa Miyagi Chojun, muasisi wa Goju-ryu, aliuawa katika vita hivyo, na Miyagi alipoanza tena kufundisha alitumia ua wa nyumba yake mjini Naha. Wengi wa walimu walioieneza Goju-ryu duniani baadaye walipitia kwenye ua huo, au kwa watu waliopitia hapo. Kwa hiyo mgeni anayeuliza dojo kubwa iko wapi anauliza kitu ambacho karate ya kule haikukijenga. Ndiyo, Okinawa Karate Kaikan iliyofunguliwa mwaka 2017 huko Tomigusuku ni jengo la fahari, lina ukumbi wa mashindano na makumbusho, na inafaa kutembelewa. Ila karate ya kila siku haiko pale.

Sasa, kama mchana hakuna darasa na jioni mazoezi ni ya muda wa saa mbili tu, mtu anafuata nini huko? Kwa maoni yangu anafuata vitu viwili: vyombo, na mikono ya mwalimu.

Vyombo vya hojo undo, yaani mazoezi ya kuujenga mwili wa karate, vimepangwa ukutani kwenye dojo nyingi za Goju-ryu. Chi ishi ni bonge la jiwe au zege lililochomekwa mpini. Unalishika kwa mkono mmoja, unalizungusha juu ya bega na kulisimamisha mbele yako, na viganja na mabega vinajieleza vyenyewe kesho yake. Nigiri game ni mitungi inayoshikwa kwa ncha za vidole kwenye mdomo wake huku ukitembea hatua za Sanchin, kata ya msingi ya Goju-ryu. Humo hutiwa mchanga kidogo kidogo kadiri mkono unavyopata nguvu. Kongoken, ule mduara mrefu wa chuma ambao watu wawili wanaweza kuutumia pamoja, Miyagi aliuona Hawaii alipokwenda huko mwaka 1934 akaupenda. Nalitaja hilo kwa wale wanaodhani kila kitu cha Okinawa kina miaka elfu. Karate ya Naha ilichota kusini mwa China, ambako Higaonna Kanryo, mwalimu wa Miyagi, alijifunza mjini Fuzhou, na ikaendelea kuchota popote ilipoona kitu kinachofaa.

Halafu kuna makiwara. Wengi tunaijua kama ubao wa kupiga ngumi, na wengi tunaupiga vibaya: tunagonga na kurudisha mkono haraka kama tulioungua. Kule utasimamishwa mbele ya ubao, uambiwe upige polepole, ubao upinde, ubaki umepinda, kisha mwalimu aguse nyonga yako na kisigino chako cha nyuma aone kama nguvu imetoka chini au imetoka begani. Kupasuka ngozi ya vifundo hakumvutii mtu yeyote. Ukijionyesha kwa kupiga mpaka damu itoke, utakabidhiwa kitambaa ufute ubao, na zoezi litakuwa limekwisha.

Mikono ya mwalimu utaijua kwenye Sanchin. Ni kata fupi, hatua chache tu, na mtu anaweza kuikariri kwa siku moja. Katika shime, yaani ukaguzi wa Sanchin, mwalimu anazunguka nyuma yako ukiwa kifua wazi, anabonyeza misuli ya chini ya kwapa, anapima mapaja, anapiga mabega kwa viganja. Video zimeifanya shime ionekane kama mchezo wa kuvumilia kipigo. Mwalimu mzuri hupiga kwa kiasi cha kuuliza swali: hapa pamekaza, hapa pamelegea, pumzi imeishia wapi? Nimerekebishwa mkao wa nyonga kwa njia hiyo, kwa kusukumwa sentimita moja au mbili tu, na hakuna video ambayo ingenionyesha kosa lile. Hapo ndipo nauli inaporudi.

Ndiyo maana nina msimamo mkali juu ya ziara za dojo nyingi. Kuna watu hupanga wiki mbili, dojo sita, picha na kila mwalimu, na cheti cha ushiriki kutoka kila mahali. Wanarudi na mikusanyiko ya kata walizoonyeshwa juu juu. Sensei wa Okinawa hatakurekebisha kwa dhati siku ya kwanza. Anakutazama. Siku ya pili anakutazama tena. Siku za mbele, akiona unarudi na umelifanyia kazi dogo alilokuambia, ndipo anakupa jingine. Mwenye wiki mbili akae dojo moja, afanye Sanchin na kata moja anayoijua vizuri. Asiombe kufundishwa Suparinpei, kata ya juu kabisa ya Goju-ryu, kama bado Saifa yake, kata ya ngazi za mwanzo, inayumba.

Namna ya kuingia ni kwa utambulisho. Mwalimu wako amwandikie mwalimu wa huko, aeleze wewe ni nani, umejifunza miaka mingapi, unakuja lini. Kama hana mtu anayemjua, ndani ya Karate Kaikan kuna kituo cha taarifa kinachowasaidia wageni kupata dojo inayowapokea. Usitokee mlangoni na begi bila kutangulia kuandika. Ukishapokewa, ulizia ada, iweke kwenye bahasha na uikabidhi kwa mikono miwili, bila kuhesabu noti mbele ya watu. Fika mapema, viatu pangusa na panga, shika ufagio kabla hujaambiwa. Usirekodi chochote bila ruhusa. Kuhusu mkanda, muulize sensei. Wengine watakwambia vaa ulionao, wengine watataka uanze na mweupe, na jibu lolote utakalopewa huna sababu ya kulijadili.

Viza isiachwe hadi dakika ya mwisho. Raia wa nchi nyingi huingia Japani kwa muda mfupi, wengine bila viza na wengine kwa kuiomba kabla, na kukaa kwa siku 90 au pungufu kunatosha kwa safari ya kwanza. Anayetaka mwaka mzima yupo kwenye kundi jingine: Japani ina hadhi ya ukaazi kwa shughuli za kitamaduni, isiyoruhusu kazi ya malipo bila kibali, na karatasi zake huhitaji mwenyeji wa huko anayekubali kukusimamia. Hilo huombwa na mwanafunzi ambaye dojo tayari inamjua. Bima nayo isome vizuri, kwa maana baadhi hazigharamii majeraha ya michezo ya kupigana.

Msimu pia una maana yake. Mvua za tsuyu, yaani masika ya kule, huanza Mei na kuendelea hadi Juni, kisha joto la unyevunyevu linabana, na Agosti na Septemba ndio kilele cha vimbunga: ndege husimama, dojo hufungwa, na mtu hukaa chumbani akisikiliza upepo. Kama una uhuru wa kuchagua, nenda kati ya Novemba na Machi. Tarehe 25 Oktoba, Siku ya Karate, ina shamrashamra nyingi na wageni wengi, kwa hiyo mwenye haja ya kurekebishwa nyonga aiache ipite kwanza.