Hadhira ya mdahalo huchaguliwaje, na upendeleo huingilia wapi

Mdahalo wa uchaguzi ukimalizika tu kwenye televisheni, lawama huanza: ukumbi ulijazwa watu wa upande fulani. Mimi ni mtu wa sampuli na kura za maoni, na kuchagua hadhira ya mdahalo ni tawi la kazi hiyohiyo, kwa hiyo lawama hii siipuuzi. Anayelalamika mara nyingi amesikia kitu cha kweli. Anapokosea ni kwenye chanzo. Anadhani kuna mtu kituoni aliyeita marafiki zake, wakati shida inaweza kuwa ndani ya hesabu yenyewe, hata kama kila aliyehusika alifanya kazi yake kwa uaminifu.

Mfano mzuri ni wa Uingereza, tarehe 16 Aprili 2015. BBC iliandaa mdahalo wa vyama vya upinzani pale Central Hall, Westminster. Jukwaani walisimama Ed Miliband wa Labour, Nicola Sturgeon wa SNP (chama cha kitaifa cha Scotland), Leanne Wood wa Plaid Cymru (cha Wales), Natalie Bennett wa chama cha Kijani na Nigel Farage wa UKIP, chama cha mrengo wa kulia kilichotaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya. Waziri Mkuu David Cameron wa Conservative na naibu wake Nick Clegg wa Liberal Democrats hawakushiriki. Katikati ya mjadala Farage aliigeukia hadhira na kusema ilikuwa ya mrengo wa kushoto hata kwa viwango vya BBC. Akazomewa. Mwongozaji, David Dimbleby, akaingilia kati na kueleza kwamba BBC haikuichagua hadhira ile; ilichaguliwa na kampuni huru ya kura za maoni ili iwakilishe vyama vyote. Farage akashikilia kwamba hadhira halisi ilikuwa imeketi nyumbani.

Kwangu mimi, alichosema Dimbleby na alichosikia Farage vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Chukua ukumbi wa watu 100 na vyama vitano jukwaani, kila chama kikipewa viti 20. Kwenye karatasi hakuna aliyependelewa. Sasa lije swali ambalo vyama vinne vina msimamo unaokaribiana na cha tano kimesimama peke yake. Msemaji wa chama hicho ana watu 20 wa kumpigia makofi, na 80 wa kumnyamazia au kumzomea. Ongeza na jambo lingine ambalo watu hulisahau: ukumbi ukimpa kiti pia mfuasi wa chama ambacho kiongozi wake hakuja, mfuasi huyo hana wa kumshangilia. Amehesabiwa, kiti chake kipo, lakini mtazamaji nyumbani hamsikii. Ndiyo maana hadhira inaweza kupita mtihani wote wa uwiano wa vyama na bado ikasikika imeelemea upande mmoja usiku mzima.

Halafu kuna swali la kipimo. Tunaposema hadhira ina uwiano, uwiano na nini? Ukitumia kura za uchaguzi uliopita, unakiadhibu chama kilichokua juzi. Ukitumia kura za maoni za wiki hii, unampa kila mgombea sababu ya kubishana kuhusu kampuni ipi iaminiwe. Ukigawa viti sawa kwa kila aliye jukwaani, chama kidogo kinapata sauti kubwa kuliko wapiga kura walivyokipa. Hakuna kipimo kati ya hivi kisicho na siasa ndani yake, na ndiyo sababu uamuzi huu unapaswa kufanywa hadharani, mapema, na vyama vyote vikiwa mezani.

Waingereza walijaribu kitu cha aina hiyo mwaka 2010, kwenye midahalo yao mitatu ya kwanza ya viongozi wa vyama, iliyofanyika Manchester, Bristol na Birmingham. Waliandika kanuni 76. Angalau asilimia 80 ya hadhira iliyosajiliwa na ICM, kampuni ya kura za maoni, ilipaswa kuwa watu wenye chama wanachokusudia kukipigia kura, kwa uwiano wa Labour 7, Conservative 7 na Liberal Democrats 5. Angalia hizo 7 kwa 7: katika uchaguzi wa 2005 Labour iliizidi Conservative kwa karibu asilimia tatu ya kura. Kwa hiyo huo ulikuwa uwiano wa makubaliano, haukunakiliwa kutoka sanduku la kura. Sioni ubaya, kwa sababu uliandikwa na kila mtu aliweza kuusoma.

Kwenye usajili ndipo makosa mengi hujificha. Msajili akianza kwa kusema “tunatafuta watu wa kuja kwenye televisheni”, kisha ndipo aulize mtu ni wa chama gani, tayari ameharibu. Mwanachama sugu anayetaka kuingia atajiita mpiga kura ambaye hajaamua, na kundi la wasioamua ndilo rahisi zaidi kupenya. Swali la chama liulizwe mwanzoni, likiwa limechanganywa na maswali mengine ya kawaida, pamoja na swali la mtu alimpigia nani uchaguzi uliopita. Hata hivyo kuna pengo nisiloweza kuliziba kwa hojaji: anayekubali kutoa jioni yake nzima kwa ajili ya siasa si sawa na jirani yake aliyekataa. Asiyeamua aliyeketi ukumbini hufuatilia siasa kuliko asiyeamua aliyebaki nyumbani. Na mahali pia pana uzito wake. Mwaka 2010 hadhira ilitafutwa ndani ya maili 30 kutoka mji mwenyeji, na kila mji una siasa zake.

Je, kelele za ukumbini zinambadilisha mtazamaji kweli? Zinambadilisha. Watafiti waliwahi kuwaonyesha watu mdahalo wa Ronald Reagan na Walter Mondale, wagombea urais wa Marekani wa 1984, wengine wakisikia vicheko na makofi, wengine vikiwa vimeondolewa. Walioukosa mwitikio wa ukumbi walimpa Reagan alama za chini. Jaribio jingine lilifanyika Uingereza wakati wa mdahalo wa 2010. Watu 150 waliona chini ya kioo mstari unaopanda na kushuka, wakiambiwa unaonyesha hisia za wapiga kura wasioamua. Mstari ule ulikuwa umechezewa: kwa kundi moja ulimpendelea Gordon Brown wa Labour, kwa jingine Nick Clegg. Kila kundi lilielekea kumwona mshindi yule ambaye mstari ulimbeba. Hawa walikuwa watu wazima, na mstari wa bandia uliwatosha.

Kwa hiyo swali la makofi lina uzito sawa na la viti. Makofi hupima ukali wa hisia, hayahesabu vichwa. Watu kumi wenye hasira karibu na kipaza sauti huwameza hamsini waliotulia. Kanuni za 2010 ziliruhusu makofi mwanzoni na mwishoni tu, na zilikataza kamera kumvuta karibu mtu mmoja wa hadhira wakati kiongozi anazungumza, isipokuwa kiongozi akimjibu mtu huyo moja kwa moja. Wamarekani wamejaribu pia njia ya kuondoa watu kabisa: Kennedy na Nixon walikutana studio bila hadhira mwaka 1960, na CNN ilifanya hivyo tena Atlanta tarehe 27 Juni 2024, kati ya Biden na Trump.

Mimi bado nataka wananchi ukumbini, wakae kimya, na wawe ndio wanaouliza. Swali la mtu anayelea mgonjwa nyumbani lina nguvu ambayo mwanahabari hawezi kuiiga. Lakini vituo vitangaze wiki moja kabla kipimo kilichotumika kugawa viti na maneno halisi ya hojaji ya usajili, na kesho yake vitoe idadi ya waliofika kweli, chama kwa chama, pamoja na jina la aliyechagua maswali yaliyoulizwa.