"Family" halikutokana na "Father And Mother I Love You"

Msimu wa harusi haupiti bila kulisikia hili. MC anaomba ukimya, anahesabu kwa vidole: F ni Father, A ni And, M ni Mother, kisha I Love You. Vigelegele! Mama wa bibi harusi anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Kama salamu ya upendo, sina neno. Tatizo ni pale watu wanapoamini kwamba ndiyo asili ya neno. Mpwa wangu wa darasa la sita aliniletea daftari lenye maelezo hayohayo, limewekewa tiki nyekundu kubwa, na kwa kweli niliumia.

Ukweli ni kwamba "family" limetoka katika Kilatini, *familia*, nalo lina shina moja na *famulus*, yaani mtumishi au mtumwa wa nyumbani. Kwa Warumi, familia ilikuwa watu wote walio chini ya mamlaka ya mwenye nyumba, watumwa wakiwemo. Hata Waingereza walipolichukua, kwenye miaka ya 1400, lilitaja kwanza watumishi wa nyumba. Maana ya baba, mama na watoto ilikuja kutawala baadaye sana.

Ushahidi mwingine uko karibu tu. Mfaransa husema *famille*, Mjerumani *Familie*. Sasa Mfaransa baba humwita *père*. Hiyo F yake ingetoka wapi?

Isitoshe, mtindo wa kuunda neno kwa vipande vya maneno mengine, kama rada (kwa Kiingereza "radar", kutoka "radio detection and ranging"), au UKIMWI wetu kutoka Upungufu wa Kinga Mwilini, ulishamiri karne ya 20. Kwa hiyo ukiambiwa neno kongwe la Kiingereza ni kifupisho, shtuka. "News" nalo si North, East, West, South. Ni "new", jipya, lililotiwa wingi.

Wengine hudhani "family" lazima liishie kwa mume, mke na watoto. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, akiufafanua Ujamaa kwa Kiingereza, aliutafsiri "familyhood", na akataka undugu huo uvuke kabila na hata taifa.

Na kwenye sarufi: "my family is" na "my family are" yote ni sahihi. Wamarekani hupendelea la kwanza, Waingereza hutumia yote mawili. Mtoto aliyeandika "are" asikatwe alama.