Askari Amerudi, Vita Navyo Vimemfuata

Anayetangulia kufika kliniki huwa ni mke. Huja na shida nyingine kabisa, presha au mtoto mwenye kikohozi, na akishakaa ndipo husema kwa sauti ya chini: "Daktari, baba watoto halali." Mume alitoka jeshini salama, mikono miwili, miguu miwili, na mtaani wanamwita afande mpaka leo. Lakini usiku hushtuka akipiga kelele, jasho limemtota. Harusini hakai mpaka apate kiti kilichoegemea ukuta, auone mlango.

Malindi na Lamu wengi husema ni jini, au ni ukali wa kuzoea amri. Hospitalini tunasema ni athari za kiwewe. Kule alikokuwa, kukaa macho ndiko kulikomrudisha hai; mwili umejifunza hivyo na bado uko doria. Ushujaa hauzuii hali hii, kama usivyozuia malaria.

Na mengi wameyaona. Linda Nchi, operesheni ya jeshi letu kuingia Somalia kupigana na Al-Shabaab, ilianza Oktoba 2011, Kismayu ikatekwa 2012, kisha kambi zetu zikashambuliwa huko, El Adde Januari 2016 na Kulbiyow Januari 2017. Sisi wa Lamu vita vilitufikia mlangoni: Msitu wa Boni, na barabara za Baure na Kiunga ambako mabomu ya kutegwa yamelipua magari ya jeshi. Mlipuko unaweza kuutikisa ubongo hata pasipo mchubuko. Mtu hubaki na maumivu ya kichwa, masikio yanavuma, anasahau, anawaka kwa jambo dogo, na majirani wanasema amelewa. Mpelekapo mgonjwa, mwambieni daktari bila kungoja aulizwe: alikuwa karibu na mlipuko, na mara ngapi.

Wazee wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza wakati wa ukoloni, waliyabeba haya kabla yao. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini ikazamishwa njiani, karibu na Maldives, na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wenzao walipigana Burma mwaka huohuo. Malindi yenyewe ilidondoshewa mabomu na ndege za Waitalia mwaka 1940, na leo Waitalia ni majirani zetu. Mambo ya dunia. Kama babu yako alikuwa mmoja wa askari hao, andika aliyokusimulia, pamoja na majina na mahali, kabla hayajapotea.

Hali hii inatibika. Tiba ya mazungumzo humrudisha mgonjwa kwenye kumbukumbu zake kidogo kidogo, akiwa na mtaalamu, wiki baada ya wiki, mpaka zipungue makali. Ziko pia dawa, kama sertraline, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na hazikatizwi ghafla. Anayetaka kusomewa au kunywa kombe, sina ugomvi naye, mradi kliniki asiiache. Muguka ndio ugomvi wangu: asiyelala hatafuni kitu cha kumkesha.

Nyumbani, usimwamshe kwa kumshika. Simama mlangoni umwite jina. Mtaani kukiwa na fataki za harusi au za mwaka mpya, apewe habari mapema. Na vijana wa barazani waache kumuuliza ameua wangapi. Akitaka kusimulia, asikilizwe bila kukatizwa, asipotaka, asichokozwe.

Tarehe 14 Oktoba, siku ya KDF, jeshi la Kenya, tunawapigia makofi. Kesho yake mzee anahangaikia pensheni peke yake, na hilo linanikera kuliko gwaride linavyonifurahisha. Kenya ina Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022, na kipo chama chao, DEFOCA. Lakini sheria haimfai asiye na karatasi. Cheti cha kutoka jeshini, nambari ya utumishi na majina ya wategemezi viwekwe pamoja, mke ajue vilipo. Huku pwani kuna tatizo letu wenyewe: ndoa ilifungwa msikitini, mashahidi wote wapo, cheti hakuna. Kiandikisheni kwa kadhi mume akiwa hai. Mjane anayeanza kutafuta mashahidi akiwa edani ana kazi kubwa, na wakiwa wajane wawili huzidi.

Liko moja lisilongoja. Akisema "heri ningebaki kule na wenzangu," msilipuuze. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, visu, kamba na dawa viondolewe karibu naye, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa mji wa Lamu ni King Fahd, na aliyeko Kiwayu asingoje boti ya kesho.