Mrushaji wa Mwisho Anapoharibu: Tunayoyaamini na Yalivyo Kweli

Mwaka 2008 Brad Lidge, mrushaji wa mwisho wa Philadelphia Phillies, timu ya besiboli ya Marekani, alipewa mpira mara 41 katika msimu wa kawaida ili alinde ushindi mwishoni mwa mchezo. Mara zote 41 aliulinda. Kwenye mtoano akalinda mara 7 kati ya 7, na tarehe 29 Oktoba akamtoa Eric Hinske wa Tampa Bay kwa slaida, mpira unaopinda na kushuka ghafla, iliyozama chini ya gongo, Philadelphia ikapata ubingwa wake wa kwanza tangu 1980. Msimu uliofuata mtu huyohuyo alipoteza uongozi mara 11, akaandikiwa vipigo 8 bila ushindi hata mmoja, na uwanja uliomshangilia ukamzomea.

Nawapenda Phillies, na hasira ile naielewa. Timu imepigana vipindi 8, halafu mrushaji wa akiba, yaani anayeingia baada ya aliyeanza mechi, anaingia kwenye cha 9 na kuimwaga kazi ya wote. Lakini mengi tunayoyasema tukiwa na hasira hayasimami.

Dhana: "Ameingiwa na woga, kichwa kimeharibika."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu Lidge alibandikwa lawama hiyo tangu 2005, mpigaji Albert Pujols alipompiga homurani ndefu (mpigo unaoupeleka mpira nje ya uwanja) kule Houston katika mechi ya 5 ya fainali ya National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Kama woga ungekuwa ndio maelezo, 2008 isingewezekana. Mwaka 2009 mwili wake ulikuwa na matatizo yanayoonekana: mwezi Juni aliwekwa nje kwa sababu ya goti la kulia, na msimu ulipokwisha akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mrushaji anayetegemea slaida, goti na kiwiko vikimsumbua, mpira wake hauzami tena; unabaki katikati, na wapigaji wa ligi kuu hawauachi. Mwaka 2008 aliruhusu homurani 2 tu. Mwaka 2009, 11. Mwaka 2010 alirudi na kulinda ushindi mara 27.

Dhana: "Tazama wastani wake, hafai kabisa."

Wastani wa mikimbio, yaani alama anazoruhusu mrushaji, kwa vipindi 9 hupanda na kushuka vibaya kwa mrushaji wa akiba, kwa kuwa anarusha vipindi vichache. Chukua mrushaji anayeanza mechi, mwenye vipindi 180 na mikimbio 60: wastani wake ni 3.00. Mwenzake wa akiba ana vipindi 60 na mikimbio 20, naye ni 3.00. Kila mmoja akiongezewa mikimbio 5 ya usiku mmoja mbaya, bila kumtoa mpigaji hata mmoja, wa kwanza anafika 3.25 na wa pili 3.75. Usiku uleule, adhabu mara tatu.

Kuna na upande wa pili, ambao mashabiki wengi hawauangalii. Mrushaji wa akiba akiingia akakuta wakimbiaji wawili kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, kisha wakafunga, mikimbio hiyo huandikwa kwa mrushaji aliyewaacha pale. Kwa hiyo wapo wenye wastani mzuri wanaoteketeza mechi za wenzao, na wapo wanaolaumiwa kwa moto waliokabidhiwa ukiwaka. Hata hivyo 7.21 ya Lidge mwaka 2009 haikuwa bahati mbaya tu: mipigo 72 na besi za bure 34 (mpigaji hupewa besi mrushaji akikosa eneo la kurushia mara nne) katika vipindi visivyofika 59 ni nyingi mno.

Dhana: "Kupoteza uokoaji ni kupoteza mechi."

Uokoaji ni kule kulinda uongozi hadi mwisho. Kuupoteza si lazima kuwe kupoteza mechi. Mpinzani akisawazisha, hata kwa kosa la mdakaji, mrushaji anaandikiwa kuwa amepoteza uokoaji, na timu bado yaweza kushinda. Mwingine anaingia akiongoza kwa 3, anaruhusu 2, anamaliza kipindi na kuhesabiwa ameokoa. Hesabu hii imekuwa rasmi tangu 1969, na haipimi ubora wa mpira uliorushwa.

Dhana: "Kocha ni mkaidi, angemtoa mara moja."

Tangu 2020 kanuni inamtaka mrushaji akabiliane na wapigaji wasiopungua 3, au amalize nusu ya kipindi, isipokuwa ameumia au ni mgonjwa. Kumshusha kwenye ligi ndogo nako si rahisi: mwenye miaka 5 ya utumishi ligi kuu hapelekwi bila ridhaa yake. Ila lawama nyingine kwa makocha ni za haki. Mwaka 2016 Zach Britton wa Baltimore alikuwa ameokoa mara 47 kati ya 47, lakini mechi ya kufa na kupona dhidi ya Toronto ilimalizika kwa homurani ya Edwin Encarnación katika kipindi cha 11, naye Britton hajapewa mpira. Alikuwa akisubiri kuitwa kulinda uongozi ambao haukuja.

Dhana: "Kumzomea kunamwamsha."

Mitch Williams wa Phillies hii hii alitishiwa kuuawa wakati wa fainali za 1993. Katika mechi ya 6 Joe Carter alimpiga homurani iliyoipa Toronto ubingwa, na kabla mwaka haujaisha Williams alikuwa ameshahamishiwa Houston.

Ukitaka kumhukumu mrushaji wako, tazama kasi ya mpira ikilinganishwa na mwaka jana, besi za bure anazogawa, na kama wapigaji bado wanaukosa mpira wake bora. Mambo hayo matatu yakianza kuporomoka pamoja, dai abadilishwe, hata kama bado anaokoa.