Mtoto Amekutwa na Usonji: Maswali ya Wazazi wa Dodoma

Mwanangu ana miaka mitatu. Daktari amesema ana usonji, akatupa karatasi ya rufaa, tukaondoka bila kuuliza kitu. Tuanzie wapi?

Rudini mkaulize. Siku ya kwanza maneno mengi hayaingii, na wahudumu wamezoea kuwaona wazazi wakirudi. Ulizeni kama masikio yake yamepimwa, kwa sababu mtoto asiyegeuka akiitwa huenda pia hasikii vizuri. Ulizeni kuhusu kifafa, ambacho huwapata watoto hawa zaidi ya wengine. Kama kuna nyakati anakodoa macho na kuganda, mrekodi kwa simu mkamwonyeshe daktari. Ombeni kuonana na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemzoeza mtoto shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, na, akipatikana, wa matamshi. Hawa wa matamshi ni wachache mno nchini, kwa hiyo msikae kumsubiri ndipo muanze.

Rufaa yetu ni ya Mirembe. Mtaani si watasema mtoto ni kichaa?

Watakaosema watasema, jina hilo limegeuzwa tusi la utani. Lakini Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na wapo wanaofika, wakaonwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Usonji si ukichaa. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua, na hugusa mawasiliano, uhusiano na watu, na jinsi anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Kwa hesabu hiyo, shule yenye watoto elfu moja ina kama wanane.

Mama mkwe anasema ni mkosi wa ukoo wetu, shangazi anasema ni chanjo. Nani mkweli?

Hakuna. Sababu kubwa inayojulikana ni vinasaba, pamoja na mambo mengine kama kuzaliwa njiti. Vinasaba hutoka pande zote mbili, na wakati mwingine badiliko huanzia kwa mtoto mwenyewe bila kuwapo kwa baba wala mama, kwa hiyo neno hilo lisigeuzwe fimbo ya kumchapia mkwe.

Hofu ya chanjo ina asili yake. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet ripoti ya watoto 12 tu, iliyohusisha usonji na chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela. Jarida liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Tafiti kubwa za nchi mbalimbali hazikuona uhusiano wowote. Kinachowachanganya wazazi ni umri: hapa kwetu dozi ya pili ya surua-rubela hutolewa miezi 18, wakati uleule ambapo dalili huanza kuonekana wazi na baadhi ya watoto hupoteza hata maneno machache waliyokuwa nayo. Chanjo ikasingiziwa. Mdogo wake asikose zake, maana surua inaua.

Mama mkwe usibishane naye jikoni. Mwambie, "Mama, naomba unisindikize kliniki, ukamsikie daktari mwenyewe." Bibi aliyesikia kwa masikio yake anaweza kuwa mtetezi wa mtoto kuliko hata baba. Lakini ikifika kwenye chale, kufukizwa, kufungwa kamba au kunyimwa chakula, kataeni waziwazi, na ni vizuri baba wa mtoto ndiye aseme. Dawa za "kutoa sumu mwilini" zinazouzwa mitandaoni nazo hazitibu usonji, na baadhi zinaweza kumdhuru.

Haongei. Jirani anashauri akatwe uzi wa ulimi.

Usonji hauko kwenye ulimi. Dawa ya kuuponya haipo. Daktari anaweza kuandika dawa ya kusaidia usingizi au hasira kali, ila hiyo haimfundishi kuongea. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi ndani ya shughuli za kila siku. Mfano zabibu, ambazo hapa kwetu hazina ugeni. Usimwachie kishada kizima. Zikate kwa urefu, maana nzima zinaweza kumkaba, mpe kipande kimoja, kisha subiri. Hesabu kimyakimya hadi kumi. Akikutazama, akinyoosha mkono au akikuvuta kanga, ameomba: sema "zabibu", umpe papo hapo. Usimshurutishe atamke kwanza. Fanya hivyohivyo kwa uji, kwa mlango anaotaka ufunguliwe, kwa bembea.

Wazazi huogopa kwamba akizoea ishara au picha hataongea kabisa. Ushahidi uliopo unaonyesha haziwazuii watoto kuongea, na wengine zimewasaidia kuanza. Piga picha kikombe chake, kiatu, choo, kachape steshenari. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na msingi wake ni huohuo: michezo na kazi za nyumbani. Uliza hospitali kama yanatolewa karibu.

Shule je?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake. Kabla ya uandikishaji wa awali, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako, iwe Jiji, Bahi, Chamwino au Kongwa, akutajie shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Kalione darasa kwanza. Mimi ningeangalia uzio na choo kabla ya vitabu.

Nimechoka, na mume wangu hataki kulizungumzia.

Mpe kazi badala ya mjadala: kliniki ijayo yeye ndiye ampeleke na kupokea maelezo. Nawe tafuta mzazi mwenzako, na benchi la kliniki ndipo pa kuanzia. Omba namba ya mama mwenye mtoto kama wako. Wanne watano mkikutana Jumamosi moja kwa mwezi, wawili wakaangalia watoto na wengine mkaongea, hicho ni kikundi tayari, bila katiba wala mhuri. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuwaunganisha na wengine. Lakini kama kwa wiki mbili huna usingizi, chakula hakipiti na kila kitu kimekosa ladha, nenda hospitali kwa ajili yako mwenyewe. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda leo.

Anatoroka nyumbani.

Wengi hutoka bila kuaga, na wengi huvutwa na maji. Kwa ukavu wa Dodoma hatari hiyo husahaulika hadi mvua za Desemba zijaze makorongo. Weka komeo juu asikofika, funika mapipa na kisima. Mtambulishe kwa bodaboda wa kijiweni, muuza genge na mwenyekiti wa mtaa, uwaeleze kwamba haitiki akiitwa na asipigiwe kelele. Shona namba yako ya simu ndani ya shati lake. Akipotea, anzeni kumtafuta kwenye maji.