Kutawanya Trekta Si Kuuhurumia Udongo

Nimeambiwa tena kuhusu kuvuta magogo msituni, safari hii na mtu mwenye cheo: "Msipite njia moja kila siku, mtaua udongo. Tawanyeni trekta, kila mahali pakanyagwe mara moja tu." Jamani!

Udongo haushindiliki kidogo kidogo kwa viwango sawa. Sehemu kubwa ya madhara hutokea magurudumu yakipita mara chache za mwanzo, na mara ya kwanza ndiyo mbaya kupita zote. Baada ya hapo vinyweleo vikubwa, yale matundu ya hewa na maji udongoni, vimeshafunga, kilichobaki cha kubana ni kidogo. Anayetawanya trekta basi anaugawia msitu mzima ule mkanyago mbaya kuliko yote. Chagua njia chache, zitie alama kabla ya mti wa kwanza kuanguka, hizo hesabu umeshazitoa sadaka, na dereva asitoke humo. Winchi ni ya nini? Waya ndio uende kulifuata gogo.

"Lakini tuna matairi mapana." Sawa. Tairi pana lenye upepo mdogo hupunguza shinikizo la juu, na mifereji ya magurudumu huwa na kina kidogo. Huko chini, nusu mita hivi, kinachoamua zaidi ni uzito unaobebwa na kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Mashine ya kubebea magogo ikijaa huweza kuzidi tani 30! Na huko kusikoonekana ndiko udongo unakochelewa kupona.

Unyevu sina haja ya kuuelezea sana. Ukisokota udongo kiganjani ukawa uzi, zima mashine. Matawi yatandazwe njiani, mengi, si ya kuonyesha wageni.

Na habari za "mvua mbili tatu utalegea wenyewe" sizitaki. Udongo wa mfinyanzi unaovimba na kupasuka hujirekebisha kiasi. Udongo mwingine hukaa na alama za magurudumu miongo kadhaa, juu majani yamestawi, chini mizizi imekwama.

Udongo wa kichanga ndio unaonisumbua. Mara nyingine miche hustawi zaidi palipobanwa, maana vinyweleo vikipungua ukubwa hushika maji. Hata ile megapaskali 2 tunayoitaja kama mpaka wa mizizi, yaani ugumu wa udongo unaopimwa kwa kusukuma fimbo ya chuma ardhini, ina walakini: udongo uleule ukikauka hufika hapo bila kukanyagwa na yeyote, na mizizi hupenya kwenye matundu ya minyoo ambayo fimbo hiyo huyaruka. Naitumia, ila ukiniletea namba bila unyevu wa siku hiyo, nitakurudisha msituni.