“Nipe ile orijino ya Kiingereza”: dhana potofu kuhusu vitabu vya watoto vilivyotafsiriwa

Mimi huuza vitabu vya watoto hapa Kisumu, na kuna maneno ambayo nimeyasikia hadi yamenikaa masikioni. Mzazi anachukua kitabu cha Kiswahili kwenye rafu, anakipekua, mtoto wake anacheka kwa zile picha, kisha anakirudisha na kusema: “Madam, hiki ni cha kutafsiriwa. Nipe ile orijino ya Kiingereza.” Muhula huu yamezidi, kwa hivyo leo nayajibu mara moja kwa wote.

Dhana: Cha Kiingereza ndicho asili, cha Kiswahili ni nakala.

Wazazi wangu, hebu tuanze na hivyo mnavyoviita orijino. Pinocchio aliandikwa kwa Kiitaliano. Carlo Collodi alianza kumtoa kidogo kidogo katika gazeti la watoto mwaka 1881, na kitabu kamili kikatoka 1883. Heidi ni wa Johanna Spyri wa Uswizi, aliyeandika kwa Kijerumani. Cinderella mwenye kiatu cha kioo na gari la boga alitoka Ufaransa kwa Charles Perrault, mwaka 1697. Snow White yumo katika hadithi ambazo ndugu wawili wa ukoo wa Grimm walianza kuzichapisha Ujerumani mwaka 1812. Pippi, yule msichana wa nywele nyekundu anayeishi peke yake na farasi na tumbili, ni wa Astrid Lindgren wa Uswidi, 1945. Hakuna hata kimoja hapo kilichoandikwa kwa Kiingereza. Ukinunua cha Kiingereza, umenunua tafsiri.

Mfano ninaoupenda zaidi ni hadithi ya mwana wa mfalme aliyetoka katika sayari ndogo, ya Antoine de Saint-Exupéry. Ilichapishwa mara ya kwanza New York, Marekani, mwaka 1943, lakini mwandishi mwenyewe aliiandika kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili inaitwa *Mwana Mdogo wa Mfalme*, na wachapishaji wake ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kitabu hicho na kile cha Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliye mkubwa kwa mwenzake.

Alice ndiye wa Kiingereza kweli, wa Lewis Carroll, 1865. Huyo ukimtaka kwa lugha yake nitakupa bila ubishi. Lakini ujue alishaingia Kiswahili tangu 1940, kwa jina la *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na mwaka 2015 akatafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis. Kwa hivyo usiniambie kwamba vitabu hivi ni mambo mageni yaliyoletwa juzi na mashirika.

Najua kinachosemwa chini ya hayo maneno ya “orijino”. Ni hofu kwamba mtoto akisoma Kiswahili, Kiingereza kitaharibika. Hapa ndipo ninapokosa subira, kwa sababu anayeumia ni mtoto. Kusoma ni ujuzi unaohama kutoka lugha moja hadi nyingine. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, amelieleza jambo hilo tangu mwisho wa miaka ya 1970: mtoto akishajifunza kufuata kisa, kukumbuka nani alifanya nini na kukisia kitakachofuata, hahitaji kujifunza hayo tena anapohamia lugha ya pili. Hata sera yetu ya elimu inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika miji yenye mchanganyiko wa watu kama Kisumu na Nakuru, lugha hiyo ni Kiswahili.

Nawaona hapa dukani. Mtoto wa Gredi ya 2 anasoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukosea, mama amejaa furaha. Namuuliza, “Haya, huyu mbuzi ameenda wapi?” Ananitazama tu. Nikimpa hadithi kama hiyo kwa Kiswahili, anabishana na kitabu: kwa nini mbuzi hakukimbia, kwa nini yule mzee hakufunga mlango? Hapo pa pili ndipo anaposoma kweli. Na kama nyumbani mnaongea Dholuo, mpe na cha Dholuo.

Dhana: Hadithi za ng’ambo hazimhusu mtoto wetu.

Mtoto aliyesimuliwa Simbi Nyaima, ziwa lile karibu na Kendu Bay, anajua kisa cha bikizee aliyenyimwa chakula na mahali pa kulala, ni mwanamke mmoja tu aliyemkaribisha, kisha maji yakakimeza kijiji. Msomee sasa hadithi ya kale ya Baucis na Philemon, wazee wawili maskini waliowapokea miungu waliojigeuza wasafiri, huku majirani wote wamewafungia milango, nao majirani wakagharikishwa. Atakukatiza kabla hujamaliza akwambie mwisho wake. Mnasema hajawahi kuona theluji. Zimwi je, amewahi kuliona?

Kuna jambo moja ambalo wazazi wana haki kulihofia: baadhi ya vitabu vya zamani vya Ulaya vinawadharau watu weusi. Hata Pippi ana sehemu za namna hiyo, kuhusu baba yake aliyekuwa mfalme kisiwani, na toleo la Kiswidi la mwaka 2015 lilibadilisha baadhi ya maneno. Soma mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mtoto.

Dhana: Kutafsiri cha watoto ni rahisi, hata simu inaweza.

Haiwezi. Kitabu cha watoto husomwa kwa sauti, tena kando ya picha, na sentensi ikikwama mdomoni mtoto anaondoka. Zaidi ya hayo, mtu anaweza kukibadilisha bila wewe kujua. Katika toleo la Kifaransa la 1951, farasi ambaye Pippi humbeba juu juu aligeuzwa kuwa farasi mdogo, eti watoto wa Ufaransa wasingeamini. Lindgren akaomba atumiwe picha ya mtoto wa Kifaransa aliyembeba huyo farasi mdogo. Ndiyo maana nawasumbua wateja wangu: fungua ukurasa wa hakimiliki, tafuta jina la mfasiri. Halipo? Rudisha kitabu rafuni. Lipo? Soma ukurasa mmoja kwa sauti hapo hapo ukisimama.

Dhana: Vya nje huja kwetu, vyetu haviendi.

Hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong’o kuhusu jinsi binadamu walivyoanza kutembea wima iliandikwa kwa Kikuyu, ikatolewa na Jalada, jarida la waandishi wa Afrika, mwaka 2016, na imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100.

Dhana: Ni ghali na havipatikani.

African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, wana hadithi za bure kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. StoryWeaver, tovuti nyingine iliyoanzishwa na wachapishaji Pratham Books wa India mwaka 2015, ina za India na nchi nyingine, nazo pia ni bure na zina leseni inayokuruhusu kuzichapisha. Pakua kwenye simu, peleka saibakafe wakuchapishie, pigilia steplesi. Kila hadithi imeandikwa kiwango chake cha usomaji. Mtoto anayeanza mpe cha 1, hata kama yuko Gredi ya 4, na jina la mfasiri utalikuta ukurasa wa mwisho.